Deni la Haji Nasuru Liko Shingoni mwa Baba Yako

Koboko, Jumapili

Binti yangu Aminah,

Asalaam aleikum, mama. Hujambo wewe, na mume wako hajambo? Watoto je, yule mdogo meno yameshatoka, au bado anawakesheza? Na mama mkwe wako, miguu imepoa? Mpe salamu zangu, mwambie mafuta ya simsim niliyomwahidi yako tayari, ni mutu wa kuyabeba tu ndiye nilikosa.

Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Bibi yako anakusalimia. Masikio yamekataa kazi lakini mdomo haujakataa. Kaka yako Muzamili anakusalimia, na mke wake Nora, ambaye tumbo sasa linaonekana. Jirani yetu Concy anakusalimia sana, anasema huko Bombo umenenepa ukawasahau watu wembamba. Mbuzi wako yuko, amezaa mapacha. Baba yako naye anakusalimia, ingawa hajui kama ninaandika. Anakula kidogo, anakohoa, kisha anatazama ukuta.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii inakaa mfukoni mwake, na akiongea anafungua sauti mpaka jirani anajibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na unajua shule yangu ilivyo fupi. Soma polepole, na usisome mbele ya mume wako. Utaona kwa nini.

Kwamba Haji Nasuru amefariki, hilo najua ulilisikia. Hayo mengine hukuyasikia, na mimi niliyeyaona kwa macho yangu bado sijayaamini.

Umekua ukimwona Haji na maduka yake, hili la hapa na lile la Arua, na wanaume wakiingia kuomba mkopo kama watoto wanaoomba ruhusa. Riba hakutaka hata kuisikia, alisema ni haramu. Alichofanya, anakuuzia magunia ya sukari kwa deni, bei ya juu. Hapo hapo, kabla hujayagusa, mpwa wake anayanunua tena kwako kwa pesa taslimu, bei ya chini. Unatoka na pesa kidogo mkononi na deni kubwa mgongoni, na magunia hayajasogea hata kidogo. Baba yako alipoezeka nyumba hii mabati, alipitia njia hiyo hiyo, alilipa mpaka akamaliza, na hatukutia hata kijiko kimoja kwenye chai. Wanaume walikuwa wakitaniana kwamba katika Koboko nzima sukari isiyokuwa na utamu ni ya Haji.

Basi siku ya mazishi uwanja wake ulijaa. Walikuja wa Lobule na baiskeli zao, wakaja wakubwa wa Arua na magari. Sisi wanawake tulikaa upande wa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, tunasikia kila kitu. Kabla ya kuswalia jeneza, Hakim, mtoto wake mkubwa, alisimama kama desturi, akasema mutu yeyote anayemdai baba yake aseme sasa, au amfuate baadaye. Nikasikia mmoja anacheka kwa pua, anamwambia mwenzake kwamba hapa wote tunadaiwa sisi, nani atamdai mwenye duka. Sheikh aliuliza tena, akasema roho ya mutu inaning'inia kwenye deni lake mpaka lilipwe.

Unamjua baba yako na kusimama mbele ya watu. Alisafisha koo. Alisema yeye na Nasuru walitahiriwa pamoja, walikula sahani moja, na kama kuna deni lolote la Nasuru duniani, dogo au kubwa, kuanzia sasa liko shingoni mwake yeye Sulaimani, ili rafiki yake alale. Wanaume wote waliitikia amin. Yalikuwa maneno mazuri, Aminah, siwezi kukudanganya. Hata mimi nilijisikia mke wa mutu wa maana. Na alifikiri nini? Labda nauli ya bodaboda, labda nyama kilo moja kwa mchinjaji. Tajiri anadaiwa nini?

Lakini upande wetu wa jikoni hakuna aliyesema amin. Niligeuka nikaona wanawake wote wanatazama chini. Concy alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Baada ya karama, kile chakula cha kumwombea marehemu, Hakim alifungua stoo, na baba yako alikuwa pale kama mutu wa familia. Magunia ya mbele ni ile sukari. Walipochoma kwa kisu, kisu kilikataa. Imekaa miaka mpaka imegeuka jiwe, panya wenyewe walishakata tamaa. Nyuma ya magunia, Aminah, hakuna kitu. Maboksi matupu yamepangwa vizuri mpaka dari. Duka la Arua vilevile. Hakim alikaa chini kwenye vumbi, akasema baba yake aliwapa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka bidhaa nyingi kwa mkopo, vita vikawatawanya, na mzee akaona afadhali afe kuliko watu wajue. Ndivyo ilivyokuwa, alikufa kweli, na kila Idi alikuwa bado anachinja ng'ombe.

Siku iliyofuata Driciru, yule anayeuza chapati karibu na stendi, alikuja kwetu kwa mlango wa jikoni. Baba yako akadhani ameleta pole. Driciru akapiga magoti, akasema anaona aibu, lakini Haji alikuwa anamtunzia pesa, mume wake hajui, na amesikia deni liko kwa mzee Sulaimani. Baba yako alicheka kidogo, akafikiri ni mzaha wa kumtoa huzuni. Alipoona Driciru analia, aliacha kucheka. Jioni wakaja wengine wawili, kila mmoja kwa mlango huo huo, kila mmoja akimwomba asimwambie mume wake. Kesho yake wengine. Muuza samaki, mke wa mwalimu, hata mjane wa muadhini. Baba yako aliniuliza hawa wanawake wote walikuwa wapi na pesa hizi zote. Nilimwambia apumzike kwanza.

Umeshaelewa sasa, mwanangu. Pesa aliyokuwa akiwakopesha wanaume ilikuwa ya wake zao. Mwanamke anaficha kwa Haji ili mume asiimalize, mume anakwenda kwa Haji kuikopa, analipia sukari, anarudi nyumbani amevunjika mgongo, na mke anampa pole. Tulimwamini kwa sababu alikuwa hasemi siri ya mutu. Kweli hakusema mpaka akaingia nayo kaburini.

Nasema tulimwamini, kwa sababu na mimi niko ndani. Ile pesa yako, unayonitumia nikufichie mume wako asijue, kwa ajili ya cherehani na chumba cha kushonea, sikuiweka chini ya godoro kama ulivyodhani. Nilikuwa naitoa kwenye simu kabla baba yako hajaamka na kumpelekea Haji, nikiona kwake ndiko salama kuliko kwangu. Yote ilikuwa kule. Huenda haya mabati yaliyo juu ya kichwa changu ninapoandika ni yako.

Baba yako hataki kurudi nyuma. Sheikh mwenyewe alimwambia anaweza kuomba watu wamwonee huruma, akakataa, akasema neno alilisema mbele ya jeneza. Ameshaita mutu kutoka Pajulu aje kununua shamba la Lobule, lile tunalokula. Anakuja Ijumaa, baada ya swala. Shamba likienda, Nora atazaa mtoto wa kula nini?

Jana wanawake walikusanyika jikoni kwangu, wanamenya muhogo, hakuna anayetazama mwenzake. Concy, ambaye naye pesa yake imekwenda na si Mwislamu wa kuogopa sheikh, akasema kitu kimoja. Alisema mimi ndiye mke wa aliyesimama. Nikisamehe mimi kwanza, wote watamsamehe marehemu, na shingo ya baba yako itakuwa huru. Nikinyoosha mkono kudai, wao pia watanyoosha. Wote wakaniangalia. Nilitaka kusema nimesamehe, mama, neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza, kwa sababu pesa si yangu. Ningesamehe jasho lako bila wewe kujua, ningekuwa na tofauti gani na Haji?

Usiseme nisamehe kwa sababu tu mimi ni mama yako. Najua ulivyoipata, najua sindano zilivyokutoboa vidole. Ukisema nidai, nitasimama mbele ya baba yako na kukudaia pesa yako, na atajua kila kitu, na shamba litauzwa bila mimi kukulaumu.

Barua hii anakukabidhi Ocama, kondakta wa basi, mkononi mwako tu. Wasalimie watoto, uwabusu kichwani kwa ajili yangu. Ukipiga simu, baba yako ndiye atakayeshika. Msalimie vizuri, usilie, mwambie akupe mama. Nitatoka nayo mpaka katikati ya mihogo. Sema neno moja tu, samehe au dai, nami nitaelewa. Lakini nitumie neno hilo upesi, mwanangu, kabla Ijumaa haijafika.

Ni mimi mama yako,
Ruqaiya