Gurudumu Likining'inia

Solwezi, Zambia
Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Zaina,

Kosa wanalofanya watu wengi wakishanyanyua gari ni kulijaribu kwa uzito tu. Wanajaza watu ndani, wanachungulia kama matairi yanagusa bodi, wakiona hayagusi wanapeana mikono. Hakuna anayejaribu gurudumu likiwa linaning'inia. Kosa hilo nimelifanya mimi, kisha nikakufundisha na wewe.

Assalaam alaikum. Unisamehe kwa kutanguliza gari mbele ya salamu. Mama akisikia atasema Zambia imeniharibu. Mfikishie shikamoo yangu. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imebaki? Mimi mwili ni mzima, ila tangu jana sijatulia, na utaona hata mwandiko wangu wa ualimu leo umepinda.

Nakupigia tangu saa moja, hupatikani. Rehema ameniambia umekwenda Mnyuzi kuangalia mahindi, kwa bodaboda, na gari umeliacha nyumbani Masuguru likisubiri safari ya kesho. Niliposikia limeachwa nyumbani nilikaa chini nikashukuru. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie mwanao huyo, naye nimemwagiza akuwekee simu mkononi kabla hujavua viatu. Pengine ni heri iwe barua. Kwenye simu nikianza kueleza jambo unanikata: "Haya, kaka, darasa limeanza, ngoja nivute kiti!" Leo kivute kweli.

Hapa karakana nina mwenzangu anaitwa Mwale, dereva wa makamo, mtu wa maneno mengi. Mwezi uliopita nilimsaidia kunyanyua gari lake la zamani kwa gharama ndogo, kwa njia ile ile niliyomwelekeza fundi wako Kibwana: spesa za chuma, vile vipande vya kuongezea kimo, juu ya springi, shokapu ndefu za mtumba, basi. Tukalijaribu kama nilivyokuagiza. Mafundi saba wakapanda, matairi hayakugusa popote, tukapeana mikono.

Jana mchana Mwale alikuwa anatoka. Pale getini pana mtaro. Gurudumu la mbele la kushoto likateleza ukingoni, likashuka mtaroni likabaki linaning'inia, huku gari limeegemea upande wa pili. Akakanyaga mafuta, akatoka, akanipungia mkono, akaanza kuteremka kwenda barabarani. Mteremko wenyewe si mkali, hata baiskeli hupanda. Nikaona taa za breki zimewaka. Nikangoja gari lipungue. Halikupungua. Zaina, taa zinawaka na gari linakwenda! Akawa anaita, "Mwalimu! Mwalimu!" kana kwamba ningelidaka kwa mikono. Mwisho akakata usukani akalipiga kwenye kichuguu, likasimama. Mkono wake umevunjika. Hatua chache mbele ya kile kichuguu, wanawake wawili walikuwa wameketi na mafungu yao ya viazi.

Nililala chini ya lile gari nikatazama. Mpira wa breki wa gurudumu lile ulikuwa umechanika shingoni. Mpira huo ni ule mweusi, mnene kama kidole, unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye fremu hadi kwenye gurudumu. Aliyeunda gari aliukata kwa urefu wa kutosha gurudumu linaposhuka hadi mwisho wake. Sisi tukafunga shokapu ndefu, tukaliruhusu gurudumu kushuka zaidi, na mpira tukauacha ule ule. Likishuka, linauvuta. Breki za nyuma zilizobaki hazikuweza kulizuia gari peke yake.

Na hili ndilo lililonishtua kuliko damu niliyoiona. Ukijaza watu, gari linakaa chini na mpira unalegea. Mafundi wale saba walikuwa wanatuficha ubovu kwa makalio yao wenyewe! Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao wa ufundi, sikuliona jambo dogo hivyo. Nilipokwenda kumwona Mwale hospitali alinitazama, mkono umefungwa, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe lile somo lilikuwa na sehemu ya pili?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka video yako. Mmejazana garini wanawake watupu, na jirani yako Mama Asha anapanda wa mwisho akisema, "Mmehangaika na magunia ya nini? Si mngeniita mimi mapema!" Na wewe umeinama kwenye tairi: "Kaka, halijagusa hata unywele!" Niliicheka video ile peke yangu chumbani hapa. Jana usingizini nimeiona tena, na sikucheka.

Sasa fikiri njia ya kesho. Kutoka Korogwe hadi Handeni mjini ni lami, hakuna neno. Lakini ukishaiacha lami kwenda kwa mjomba harusini, kuna lile korongo ambalo gari hulivuka kimshazari. Unalijua: gurudumu moja la mbele hubaki hewani, abiria wakapiga kelele, kisha mnaingia moja kwa moja kwenye mteremko wa mtoni. Ndilo lililotufanya tulinyanyue gari, baada ya tumbo lake kukwama pale na mama kubebwa mgongoni. Korongo hilo litafanya kile kile kilichofanywa na mtaro wa getini kwetu, na anayekaa kiti cha mbele ni mama.

Uliniuliza pia kama matairi mapya ni makubwa mno. Hayo hayanitishi. La zamani limeandikwa 215/75, jipya 235/75. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, asilimia sabini na tano ya upana huo. Piga hesabu utaona ubavu umeongezeka milimita kumi na tano, basi gari limepanda sentimita moja na nusu tu. Sehemu ya juu ya tairi haiinui kitu. Mshale wa mwendo nao utakudanganya kidogo: ukisoma themanini, ujue unakwenda themanini na tatu. Mwambie Kibwana apandishe gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, akate usukani hadi mwisho kila upande, aone kama tairi linakwaruza. Kwenye uwanja tambarare huwezi kuliona hilo.

Mwambie pia kwamba lawama si yake. Alifanya nilivyomwambia. Mipira mirefu ipo madukani, akishaifunga na kutoa hewa kwenye breki, gari litakuwa salama. Lakini kama hii iliyopo imekaza, kesho mpande basi hadi Handeni, na mjomba awapokee kwa namna yake. Atanung'unika kwamba bibi harusi anakosa gari la kupambwa. Mwache anung'unike.

Msalimie mjomba, na bibi harusi umwambie binamu yake anamwombea dua. Msalimie Mama Asha, umwambie uzito wake bado nauheshimu. Rehema nimeshamshukuru. Mama mwambie tu kwamba nimemkumbuka. Ya Mwale usimsimulie mpaka mrudi. Ni mimi kaka yako Shabani, niliyechelewa kukufundisha nusu ya somo.

Leo, kabla jua halijazama, mwite Kibwana aweke jeki na magogo chini ya fremu mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie, kisha ushike mpira wa breki kwa mkono wako mwenyewe uone kama umelegea.