Posa ya Dereva wa Mbio

London, 3 Novemba 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepungua maumivu. Mimi sijambo. Baridi imeanza Woolwich; natembea na makoti mawili kama kichaa, na hakuna anayenicheka kwa sababu wote tumevaa hivyo.

Baba, nina jambo. Katika ile kampuni ya magari ya mashindano ninakotafsiri barua za Kifaransa, nimefahamiana na mmoja wa madereva wao. Anaitwa Mathieu Kerbrat, Mfaransa, Mkatoliki, ana miaka thelathini na minne. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta. Alianza kushindana akiwa mtoto, kwa vigari vidogo visivyo na paa, akapanda mpaka mashindano ya juu kabisa. Huko alikaa msimu mmoja na gari bovu, hakupata hata pointi moja, wakamwacha. Tangu hapo anaendesha mbio ndefu za usiku na mchana, ambapo madereva watatu hupokezana gari moja. Anayeshuka humfunga mikanda anayepanda kabla hajavua kofia yake mwenyewe. Nilipoona hilo mara ya kwanza, nilisahau barua niliyokuwa nikitafsiri.

Anataka kunioa, nami nataka. Ndani ya bahasha utakuta barua ya posa, iliyoandikwa na mshenga wake, Mzee Naftali wa Tottenham, uliyesoma naye.

Binti yako,
Restuta


Bukoba, 28 Novemba 1996

Restuta mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la Mama yako huuma siku za kufua; siku za harusi za watu halina neno.

Nimeisoma posa. Naftali nilikaa naye dawati moja. Hajawahi kuweka mkato mahali pake, na hajui neno "aidha". Barua hiyo ni yako. Nimesahihisha insha zako tangu darasa la tatu, nitashindwaje kukutambua? Tangu lini msichana akajiposa? Mama yako amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, au nilicheka baadaye.

Rangi yake na nchi yake sina shida nazo. Shida yangu ni kazi yake. Mwezi Mei, meli ilipozama, nilikaa na shangazi yako mbele ya redio tukisubiri jina la mwanawe, Telesphor, na jina likaja. Sitaki kusubiri jina tena. Aache mbio kwanza, ndipo tuzungumze mambo ya ndoa. Mwambie hivyo.

Baba yako


London, 20 Desemba 1996

Shikamoo Baba,

Mama hajambo? Shangazi je, anakula? Mimi nina mafua, lakini si ya kunilaza.

Ni kweli niliandika mimi. Mzee Naftali alitia sahihi tu, akasema, "Binti, umenifanya msomi uzeeni."

Mathieu aliniomba nimsomee barua yako. Nilimsomea yote kwa Kifaransa, isipokuwa pale uliposema aache mbio. Alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Ndiyo yote?" Nikasema ndiyo. "Yaani baba yako ameandika ukurasa mzima, hajasema ndiyo wala hapana?" Nikamwambia walimu ndivyo walivyo.

Baba, nielewe. Mwezi huu kampuni imempa nafasi katika gari lao jipya, gari la kwanza maishani mwake linaloweza kushinda. Aliwahi kuvunjika mguu vibaya, akajifunza upya kutembea, na miaka yote hiyo amekuwa akiendesha magari ya kumaliza wa kumi na kushukuru. Nikimwambia neno lako ataacha. Namjua. Ataacha kesho yake, bila ugomvi, na kila ufikapo msimu wa mbio atakaa dirishani akiniangalia kwa upole. Huo upole ndio ninaouogopa.

Sitamwambia. Wala sitaingia kanisani bila idhini yako. Nikiyaweka hayo mawili pamoja naona hakuna harusi, na sijui la kufanya ila kukuandikia ukweli.

Binti yako,
Restuta


Bukoba, 9 Machi 1997

Mwanangu Restuta,

Marahaba. Mafua natumaini yamekwisha. Nimenyamaza muda mrefu, na Mama yako amenisema kila jioni kwa ajili hiyo.

Kuna jambo nadhani hulijui. Kijana wako alichukua barua yangu mezani kwako akaenda nayo Tottenham. Naftali ameniandikia, safari hii kwa mkono wake, nukta hakuna. Anasema Mathieu alivua viatu mlangoni, akamwambia, "Restuta husoma kama mtu anayekimbia. Siku ile alisimama mahali. Nisomee hapo aliposimama."

Naftali akamsomea.

Kijana akaomba chai, akainywa yote. Naftali akamwambia, "Wewe sema tu utaacha. Mzee atafurahi, harusi itafungwa, mengine mtayaona mbele." Akajibu, "Nikisema hivyo nitakuwa nimemdanganya mzee kabla hata hajaniona uso. Hili gari nitaliendesha. Mwambie naelewa kwa nini ananikataa, na kwamba hata hivyo naendelea kuomba."

Nimeikunja na kuikunjua barua hiyo mpaka imechanika. Unawajua shemeji zako. Mume wa Placida aliahidi kuacha pombe kabla sijamaliza swali. Mume wa Dinah aliahidi kumrudisha chuoni, na Dinah yuko hapa anauza vitenge. Wote waliniitikia huku mikono ikiwa kwenye sahani. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hapana, naye ndiye mwenye la kupoteza.

Nilikwenda kwanza kwa shangazi yako, maana kwake nisingeweza kupita kimya. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Kaka, hata Telesphor ungemkataza asingekusikia. Alikuwa na safari yake. Mpe mtoto mume wake." Kisha akaendelea kuchambua.

Nimekubali. Mje Desemba, Naftali naye aje, nimnunulie nukta.

Woga wangu haujaondoka, usidhani. Kwa hiyo nakuomba hili: kila mbio zikiisha, usihangaike kuniandikia amekuwa wa ngapi. Niandikie kwamba ameshuka.

Baba yenu


London, 16 Juni 1997

Shikamoo Baba,

Mpe Mama na Shangazi salamu zetu. Tumerudi Woolwich asubuhi hii, hatujafungua hata mabegi.

Ameshuka.

Yeye ndiye aliyeendesha zamu ya mwisho. Injini ilipozimwa hakutoka mara moja. Alibaki mikono juu ya usukani, nami nikiwa nyuma ya uzio, nimeshindwa kusali, nimeshindwa hata kumwita. Kisha akatoa mguu mmoja, halafu wa pili, akasimama. Watu walikuwa wakipiga kelele, wengine wakilia, wakimvuta huku na huku. Akawapita wote, akaja kwenye uzio, uso mweusi kwa moshi, akaniuliza kama kuna posta inayofunguliwa Jumapili.

Wanao,
Restuta na Mathieu