Sahani Iliyonisubiri

Ijuganyondo, Bukoba

Mwanangu mpendwa Annastella,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiomba barua hii iwakute wewe na wajukuu zangu mkiwa wazima huko Mwanza. Mimi bado napumua, ingawa moyo umechoka na daktari hanidanganyi tena. Kahawa imezaa vizuri. Wa kuichuma ndiye hayupo.

Utakumbuka daktari wa Kashai alivyomweleza mama yako kwamba, kwa uzito wake, chakula kilekile hakifanyi kazi ileile asubuhi na usiku. Jioni insulini hulegea, sukari hukawia kwenye damu, na homoni za njaa na shibe huvurugika. Ale vizuri asubuhi, amalize kabla ya jua kuzama. Binamu yako Joanitha, aliyetoka Muleba kuja kumtunza, alilishika neno hilo kuliko katekisimu. Mama yako akapungua, sukari ikashuka, akawa anapanda kilima cha kanisa bila kupumzika njiani.

Kisha siku moja, tukinywa lubisi kilabuni, mnywaji mwenzangu Karugendo akaniuliza mbele ya wote kama ni kweli siku hizi mwalimu anakula makombo ya mkewe. Walicheka mpaka pombe ikamwagika. Nikarudi nyumbani nikaamuru sahani isiguswe kabla mwenye nyumba hajaketi. Joanitha alinisihi. Nikamwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Nami nilikuwa nimefundisha baiolojia maisha yangu yote. Nilimwelewa daktari vizuri mno. Nilitaka tu kusubiriwa.

Nikawa nachelewa, mara nyingine makusudi. Mama yako alingoja, kisha akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa pupa ya njaa na kwenda kulala. Sukari ikapanda, mguu ukatoka kidonda kisichopona. Sisemi saa za kula pekee ndizo zilizomuua. Kile kidonda cha mguu kilikuwa na mengi nyuma yake. Lakini nilichangia, nikijua.

Msibani ulimwambia Joanitha kwamba alimlisha mama yako usiku kama ng'ombe wa kunenepeshwa. Alinitazama, akingoja niseme. Niliomba maji ya kunywa. Akafunga mzigo wake, akarudi Muleba, na hajakanyaga hapa tena.

Huruma yako siitaki. Nenda ukamwombe radhi ningali hai, maana nikifa watasema mzee aliweweseka. Na siku ya kunizika, yeye ndiye aseme chakula kipakuliwe saa ngapi. Asisubiriwe mwanamume yeyote.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Baba yako,
Gamaliel Lwakatare