Mzee Jecha na Funga Isiyoisha

Lulu shoga, tegua: njaa anayo, uji uko mbele yake, na hali. Nani? Mzee Jecha! Mume wa Kulthumu, hapa Point, Durban!

Idi imepita wiki tatu, yeye bado amefunga. Amefunga, Lulu! Nesi alishasema kumbukumbu imeanza kumtoka, apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi. Suruali zinamvuka.

Leo saa sita Kulthumu kamwekea uji wa maziwa na karanga.
"Nimefunga, Mama Nasibu."
"Idi tumeshakula pilau, Baba Nasibu!"
"Unataka nile kobe, nile mchana na uzee huu?"
Akausukuma. Jana hivyo, juzi hivyo! Kulthumu kamrudishia bakuli.
"Mgonjwa hafungi, mume wangu."
"Mgonjwa nani?"

Ndipo Kulthumu likamtoka neno: "Na msafiri je? Kwani hapa Durban ni kwetu? Si tuko safarini?"

Mzee katazama dirishani, winchi za bandarini. "Kweli. Msafiri hafungi." Akashika kijiko. Eish, shoga, bakuli zima!

Akafuta mdomo. "Basi Pemba tunarudi lini?"

Tunarudi lini! Na nyumba ya Pemba waliiuza wenyewe, Lulu. Kulthumu akamwongezea uji.