Maharage ya Mama Koleta Siku ya Mawingu

Lipingo, Nyasa

Dada Rehema mpendwa,

Shikamoo dada. Mimi mzima, ila leo nimepata hofu ambayo sijaipata tangu nianze kazi hii.

Nilikuja kuwaonyesha akina mama jiko la jua, lile sanduku lenye kioo juu. Mama Koleta, aliyevunjika mkono akishuka mlimani na mzigo wa kuni, alijitolea tupikie humo maharage ya mchana ya wakwe zake. Saa tano mawingu yakapanda kutoka ziwani, jua likapotea. Kila nikigusa kioo nakikuta kimezidi kupoa. Mama mkwe wake akaniuliza, "Mwalimu, mawingu nayo yanaivisha?" Nikajifanya nafuta kioo. Mimi nitaondoka, dada, lakini Mama Koleta ndiye atakayesemwa.

Saa nane akafunua sufuria, akabonyeza punje moja. Bado ngumu kidogo. Akaihamishia sufuria kwenye mafiga, akawasha vijiti vitatu, na kabla hajamaliza kusonga ugali maharage yakawa yameiva. Mama mkwe akala, kisha akasema, "Maharage haya mimi huyachomea mzigo mzima wa kuni. Kesho tupike na ya kwangu."

Nilifurahi, halafu nikatoka nje kutazama ziwani, maana anga bado ni zito.

Ninyi huko Singida jua mnalikimbia. Niombee lipite huku hata siku moja. Wabusu wanangu.

Mdogo wako akupendaye,
Zawadi