Sahani ya Bi Khairiya

Kerubo uko? Simbilisi wangu wamepigana. Tito na yule mwenzake niliyemnunua kule mjini Amu juzi.

Muuzaji aliniapia ni jike. Ni dume. Nimewakuta wameng'ang'aniana, damu hadi ukutani, na Tito meno yake ya mbele yamevunjika.

Nilimletea mwenzake kwa sababu alikuwa anajikunyata peke yake kama mimi. Sasa ona.

Hata kutafuna hawezi. Nikamkunia karoti, nikaiweka kwenye sahani iliyokuwa karibu, nikawa namlisha kwa kidole huku nalia.

Hapo ndipo jirani yangu Bi Khairiya akaingia. Alikuwa amesikia makelele.

Hakumtazama Tito. Alitazama sahani.

Kerubo, ilikuwa sahani yake. Ile aliyoniletea futari Ramadhani. Na mimi namlishia mnyama humo, tena kwake yeye huyo ni panya tu.

"Mwalimu, hiyo si sahani yangu?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba niliona haya kuirudisha tupu, na vyakula vya watu wa huku sijui kupika, ndiyo maana nikimwona njiani napita nyuma ya nyumba.

Akaichukua sahani. Halafu akasema, "Sahani naliileta ikulete kwangu."

Akaiosha mwenyewe, akaondoka nayo.

Ikulete kwangu. Yaani alikuwa akiningoja.

Na mimi kila jioni nakuandikia wewe kwamba hapa Faza hakuna anayejua kama nipo.