Saini ya Radi kwenye Plasta

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshaletewa mipira, glavu, hata kiti kilichong'olewa uwanjani. Leo nimeletewa mguu! Yaani plasta — ile ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika — ya mguu mdogo wa mtoto, imekatwa kwa msumeno ubavuni, vipande viwili vimefungwa pamoja kwa utepe. Juu ya muundi: saini ya Radi.

Radi! Nahodha aliyetuletea kombe. Marehemu. Kwa jezi yake moja yenye saini mtu anaezeka nyumba.

Aliyeileta ni mama mmoja fundi cherehani, pini bado zimechomekwa kifuani. Anasema alikuwa mtoto, amelazwa, wachezaji wakaja wodini kuwapa wagonjwa pole. Radi akainama, akamwandikia. Polepole, ulimi nje, kama anatunga uzi kwenye sindano. Hauzi ng'o. Anataka cheti chetu tu, kwamba saini ni ya kweli. Kaka yake mpaka leo, wageni wakija, huwaambia kwa kejeli: kajiandikia mwenyewe huyu. Alisema huku anacheka. Mikono yake lakini haikutulia juu ya ule mguu.

Jumatano, 6 Machi

Haifanani. Asubuhi nzima iko chini ya lenzi, na haifanani.

Saini ya Radi tunaijua hapa dukani kama njia ya kwenda nyumbani. Inateleza, herufi zimeshikana, mkia unarudi na kulizunguka jina lote bila kalamu kunyanyuka. Tuna droo nzima ya sampuli, na ile jezi ya mjomba ukutani. Zote baba mmoja mama mmoja. Hii ya plasta — herufi kubwa kubwa, kila moja na lwake, kalamu imekandamizwa mpaka plasta imebonyea.

Mjomba (duka ni lake, kazi kanifunza yeye) alitupia jicho mara moja tu. Feki. Nimwambie mama wa watu taratibu, asiumie.

Lakini! Msumeno wa daktari umepita katikati ya herufi ya mwisho. Nusu ya wino huku, nusu kule, na kingo za mkato ni nyeupe pe. Kwa hiyo iliandikwa mguu ukiwa ndani. Na vichwa vya herufi vinaelekea gotini. Mtoto akijiandikia mguuni kwake, vitaelekea vidoleni! Aliandika mtu aliyesimama upande wa miguuni.

Nani sasa?

Alhamisi, 7 Machi

Sijampigia yule mama. Mjomba kanuna. Mteja alipoingia akasahau kununa, akamsimulia jezi yake kwa mara ya elfu: alivyosimama mvuani nje ya chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa jezi, wino bado mbichi. Akifika hapo hufuta kioo cha fremu ya jezi. Kila mara.

Mkono wa nani, mjomba? Sijawahi kuuliza. Na sampuli zetu nyingi zilitoka kwa mtunza vifaa wa timu. Bado yuko hai. Jumamosi naenda.

Jumamosi, 9 Machi

Ee Mungu wangu.

Mzee anaishi kwa binti yake. Siku hizi anashona viatu, vimejaa hadi mlangoni. Nilimwonyesha picha ya plasta kwenye simu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huo ndio mkono wake," akasema.

Nikamwambia, samahani mzee, haufanani na za kwetu. Akacheka mpaka akakohoa. Akaomba kalamu, akavuta kipande cha boksi — herufi zikashikana, mkia ukarudi, ukazunguka. Kwa pumzi moja! Saini ya Radi imezaliwa mbele ya macho yangu, na Radi yuko kaburini.

Akanieleza yote. Radi aliacha shule mapema, kuandika kulimtoa jasho kuliko mazoezi, na aliogopa kuchekwa. Basi jezi zote, mipira yote, alisaini mzee, mlango umefungwa. Siri yao wawili. Siku ya hospitali mzee alinyoosha mkono kwa mazoea kupokea kalamu. Radi akaisogeza mbali. "Akaniambia, huyu mtoto ananitazama usoni, siwezi kumdanganya. Akaandika mwenyewe, binti yangu, ulimi nje! Basi la timu likatupigia honi tukiwa bado tumesimama."

Ulimi nje. Sikuwa nimemtajia!

Nimerudi kwa miguu, nilisahau kabisa kupanda gari.

Jumapili, 10 Machi

Watu wametundika sebuleni mkono wa mshona viatu na kuutazama kwa heshima. Na mkono wenyewe wa Radi, huenda ndio pekee duniani, uko kwenye kabati la dukani umefunikwa kitambaa.

Bei yake? Sijui. Kazi yetu ni kulinganisha. Huu utaulinganisha na nini?

Naogopa kumwambia mjomba. Kesho.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia. Amefoka! Mzee huyo kazeeka, anajitafutia sifa, kesho atasema na mabao alifunga yeye. Nikamwekea kile kipande cha boksi mezani. Akakitazama. Kisha akainua macho kwenye jezi yake ukutani.

Wakati huohuo fundi cherehani akaingia. Kakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Vipi mwanangu, imekubali?"

Kabla sijafungua mdomo, mjomba akachukua lenzi, akainamia plasta. Muda mrefu. Akapitisha kidole gumba kwenye zile herufi zilizobonyea, moja moja, kama kipofu anayesoma. Nilimsikia akisema polepole, "Alikazana, maskini. Alikazana kweli."

Kisha akapanda kiti, akaishusha jezi yake mwenyewe. Ukutani pamebaki weupe wa mraba. Akailaza kando ya ule mguu, kioo chini.

"Mama, mpigie kaka yako simu," akasema. "Aje hapa sasa hivi, auone mkono wa Radi."

Mama wa watu kashika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mjomba akaniomba bisibisi, afungue fremu na kuitoa jezi. Nimempa. Hataki nimsaidie, ndiyo maana naandika, nipate pa kuangalia. Skrubu ya kwanza imetoka